Hodi kwenye Chumba cha Mwalimu

Alhamisi, tarehe 6 Februari. Theluji ilianza kabla hatujaamka, ile nyepesi isiyotaka kutua, na upepo wa upande wa uwanja wa ndege ukawa unaizungusha kati ya majengo yetu kama unga uliomwagika. Barabarani walikuwa wameshamwaga chumvi ya kuyeyusha barafu. Leo tumempeleka papa.

Papa ni baba wa bwana yangu. Nataka kuandika jinsi alivyopata chumba, kwa sababu nikiacha hata wiki moja nitaanza kujisimulia vingine. Mimi si mtu wa kuandika vizuri. Shule niliiacha sekondari mwaka wa pili, vita vilipotufungia. Kwa hiyo nitaweka nilichoona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi.

Kazi yangu ni kuogesha wazee. Niko katika nyumba ya wazee hapa Etobicoke, Toronto, mabasi mawili kutoka kwetu Rexdale. Nimewaosha wanaume wa kila nchi, wanene na wembamba, wanaolia na wanaotukana, na sijawahi kuona haya. Lakini papa sikuweza kumgusa. Kwetu, kwenye milima iliyo juu ya ziwa, mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Sioni mwili wake. Sikai kwenye kiti alichokalia. Sili naye meza moja. Tangu aje kuishi nasi nilikuwa nikila jikoni, mgongo nimeupa sebule, na yeye akitaka kupita alikuwa akikohoa kwanza ili nipishe.

Kazini kuna nesi wa Kenya. Aliposikia hayo alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Wewe dada, unalipwa kuosha watu wa nje, halafu mzee wenu anakaa hivyo hivyo?"

Hakusema kwa ubaya. Ila desturi hiyo haikuwa yangu peke yangu ya kuitupa. Ilikuwa ya papa pia, na upande wake ilikuwa nzito kuliko upande wangu.

Papa alikuwa askari. Mguu wake wa kulia unaishia juu ya goti. Aliupoteza akiitumikia serikali iliyokuwepo wakati huo, na kabla kidonda hakijafunga serikali hiyo ikaanguka. Iliyokuja haikumjua. Alipokwenda kuomba posho ya vilema aliambiwa aende akawadai waliomtuma. Baada ya hapo hakuomba tena kitu kwa mtu yeyote, si katika kambi ya wakimbizi, si hapa. Mguu wa bandia alipewa Toronto, akauweka kabatini. Anatembea na gongo lake, moja, la mbao, ambalo alikuja nalo.

Mwezi wa kumi alianguka bafuni. Bwana yangu alikuwa zamu kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, binti yetu alikuwa shule. Nilisikia kishindo, nikakimbia hadi mlangoni, nikasimama.

"Papa?"

"Nipo."

"Umeumia?"

"Sijui. Siwezi kuinuka."

"Papa, naingia. Hii ndiyo kazi yangu. Nitafumba macho."

"Usiingie, mama." Ndivyo anavyoniita, mama, kwa heshima. "Nakuomba. Ukiniona hivi nitakaa wapi tena humu ndani?"

Nilibaki nje ya mlango, mkono kwenye kitasa, mimi ambaye najua mtu aliyeanguka ashikwe wapi na ainuliwe vipi. Maji yalikuwa bado yanatiririka. Nilimpigia jirani wa ghorofa ya chini, Mrundi anayeendesha teksi, na mpaka alipofika niliendelea kuongea na papa kupitia mlango, habari za binti, habari za theluji, chochote, ili nisikie anajibu. Jirani alimtoa amefungwa shuka. Papa hakunitazama siku hiyo wala iliyofuata.

Tangu hapo aliacha kuoga siku ambazo mwanawe hayupo, na mwanawe hayupo siku nyingi. Kidonda kikatokea kwenye kigutu cha mguu. Nilikijua kwa harufu kabla mtu hajaniambia. Najua harufu hiyo inakwenda wapi isipotunzwa. Bwana yangu naye alijua, maana usiku mmoja alisema, "Akibaki hapa tutamzika kwa heshima zetu." Hivyo tukaomba nafasi katika nyumba za wazee.

Walimtuma mama mmoja wa tathmini, mtu mpole mwenye viatu vilivyolowa. Mkalimani wa simu alikatika mara mbili, yule mama akaniomba nitafsiri mimi. Alipotaka kuuona mguu nilimweleza kwamba nitatafsiri, lakini nikiwa nimegeukia ukuta.

"Kwa nini?" akauliza.

"Ni heshima."

Aliandika kitu, sijui nini. Nikakaa natazama rangi ya ukuta. Nyuma yangu nikasikia suruali inafunguliwa, na papa akisema polepole kwa Kiswahili, "Mwambie huyu mama kwamba hapa ni risasi na hapa ni msumeno. Asichanganye."

Nikatafsiri. Yule mama akauliza kama kinauma.

"Mwambie aulize swali lingine."

Tukapewa jibu kwamba anastahili, ila nyumba zote zimejaa. Nafasi hupatikana mtu akihama. Yule mama alisema "akihama", lakini mimi nafanya kazi humo, najua watu wanahamia wapi.

Sasa nimlete Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mzee wa kizungu kwenye ghorofa ninayohudumia, chumba cha mwisho, upande wa dirisha linalotazama maegesho ya magari. Jina lake silitaji. Alikuwa amefundisha historia chuoni maisha yake yote, na katika historia alikuwa amechagua kipande kidogo: askari wa Uingereza ya zamani, karne nne nyuma, waliorudi vitani wakiwa vilema au wazee wasioweza kazi, na jinsi walivyosaidiwa. Hakuwa na watoto. Wageni wake walikuwa wamekwisha mmoja mmoja.

Tulijuana kwa sababu ya hodi. Wenzangu hugonga na kuingia hapo hapo, ndivyo tulivyofundishwa, na si kosa, kazi ni nyingi. Lakini mimi mdomo wangu hauwezi. Siku ya kwanza niligonga nikasema hodi, nikasimama.

"Umesema nini?" akauliza kutoka ndani.

Nikamweleza kwa Kiingereza changu. Kwetu mtu hasukumi mlango wa mwenzie. Unasema hodi, unangoja, mwenye nyumba akisema karibu unaingia. Ukirudia mara tatu kimya, unaondoka.

"Na mwenye nyumba anaweza kunyamaza makusudi?"

"Anaweza."

"Hilo ndilo jambo la kwanza la busara nililosikia tangu niletwe hapa," akasema. Kisha akanifukuza. "Toka. Rudi uanze upya."

Nikatoka, nikasema hodi. Akaninyamazia. Nikasema tena. Kimya. Mara ya tatu akajibu, "Karibu," na ile r yake laini ya Kiingereza, inayokunjwa ulimini bila kugonga popote. Nikamkuta anacheka peke yake kitandani. Kila zamu yangu tangu siku hiyo ilianza hivyo.

Nilipokuwa namuosha alinisimulia. Sijui kama naeleza sawa, lakini ndivyo nilivyoelewa. Malkia mmoja wa kwao aliweka sheria kwamba kila parokia ikusanye fungu kila wiki kwa ajili ya askari waliolemaa. Askari alirudi wilaya alikochukuliwa, akiwa na ushahidi wa kapteni wake, akasimama mbele ya mahakimu akaomba. Walimtaka aonyeshe majeraha. Wengine walitembea kwa magongo siku nyingi ili wavue nguo mbele ya watu wenye joho.

"Na waliona haya?" niliuliza.

"Bila shaka. Lakini karibu wote walivua. Njaa haina adabu."

"Na serikali ikibadilika?"

Aligeuza kichwa akanitazama kama mwanafunzi aliyemshangaza. "Kwa nini unauliza hilo?" Kisha akajibu. Wakati mmoja walipigana wao kwa wao, wakamuua mfalme, baadaye mwanawe akarudi kutawala. Kila upande uliwalisha vilema wake na kuwafukuza wa mwenzake. Mguu ni ule ule uliokatika, alisema, lakini sasa ulikuwa umekatikia mahali pabaya.

Nikamwambia habari za papa. Sikutaja kwamba tunatafuta nafasi. Nilisema tu kwamba nyumbani kwangu yuko mtu wa namna hiyo. Akatazama mlango, kitambaa changu kikapoa mkononi.

"Yuko upande gani wa mlango?" akauliza.

Sikuelewa. Nikasema yuko nyumbani, Rexdale. Akasema, "Ah. Bado basi."

Kichwa cha Mwalimu kilikuwa kimeanza kumtoroka, na lazima niliseme hilo wazi. Asubuhi alikuwa mzima kuliko mimi. Alasiri, jua likianza kushuka, alikuwa mtu mwingine. Wazee wengi huwa hivyo, wauguzi wana jina lake. Saa hizo alitaka mlango uachwe wazi kidogo, upana wa kiganja, ili wanaosubiri wasidhani mahakimu wameinuka.

"Wamefika?" alikuwa akiniuliza.

"Nani, Mwalimu?"

"Waombaji."

Nikichungulia koridoni naona viti vya magurudumu vimepangwa kando ya ukuta, wazee wanasubiri kupelekwa chumba cha chakula. Nikamwambia, "Ni wenzako tu, wanangoja kula."

"Hao nawajua. Nasema wale waliosimama."

Nilikuwa nafunga mlango mwenyewe nikitoka, nikijiambia si kwa woga, ni kwa baridi. Lakini nilianza kupita koridoni huku naangalia mbele tu.

Kisha ikawa habari ya chumvi. Hapa mwezi wa kwanza kila kiatu kinabeba chumvi ya barabarani. Maji yakikauka inabaki alama nyeupe, umbo la kiatu kama limechorwa kwa chokaa. Alasiri moja niliingia kwa Mwalimu nikaona alama sakafuni, ndani kidogo ya mlango. Kiatu cha kushoto. Kando yake, pale ambapo cha kulia kingekuwa, duara dogo jeupe. Zilirudiwa mara kadhaa, palepale, kama mtu aliyesimama muda mrefu akibadilisha uzito wake. Hazikwenda kitandani. Hazikurudi nje.

"Mwalimu, ulikuwa na mgeni?"

"Hakuingia. Alisubiri."

Nilimuuliza nesi kama kuna ndugu yeyote aliyekuja. Akasema siku hiyo hakuna aliyepanda ghorofa yetu kwa ajili ya Mwalimu. "Labda ni fundi wa heta za kupasha joto," akasema, "ama ni wewe mwenyewe na ndoo yako." Inawezekana. Fundi huwa na vifaa vya miguu ya duara, na ndoo ina duara, ingawa kubwa zaidi. Nilipiga deki, alama zikatoka kama chumvi yoyote inavyotoka.

Siku iliyofuata, asubuhi, wakati akili yake ilikuwa safi, nilimwambia ukweli: papa anahitaji mahali, na mahali hakuna. Nilimwambia kwa sababu alikuwa ameniuliza mbona nina macho mekundu. Sikuwa naomba. Yeye hakuwa na mamlaka ya kugawa chumba hata kama angetaka.

"Walifanyaje zamani," nikauliza, "orodha ya fungu ikiwa imejaa?"

"Mahakimu walimwandikia mtu nafasi ya mwenzie. Akifa fulani, wewe unachukua mahali pake. Wengine walikuja kuomba wakiwa wameshajua nani anaumwa." Alisema bila uzito wowote, kama mtu anayeeleza ratiba ya mabasi. "Wakati mwingine walikaa kijiji kimoja. Walikutana kanisani kila Jumapili, anayengoja na anayengojewa."

Nikawa nakunja taulo. Nikaikunjua, nikaikunja tena.

"Lete ombi lake," akasema.

"Mwalimu, hapa si mahakamani."

"Jeraha?"

"Mguu wa kulia. Juu ya goti."

"Lilionyeshwa?"

"Lilionyeshwa. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta."

Hilo lilimfurahisha sana. Alinyoosha mkono wake mwembamba akagusa ukingo wa kitanda kwa vidole, mara moja, kama anayepiga muhuri. "Apewe pangu."

Nikamwambia asiseme hivyo. Akasema nisiogope, hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na haikumwua mtu kabla ya wakati wake. Kisha akaomba chai.

Nilimweleza bwana yangu jioni. Alikuwa anavua buti mlangoni. "Usilete humu maneno ya mzee aliyechanganyikiwa," akasema. "Na usimwombee kufa."

"Simwombei!"

"Sijasema unamwombea. Nimesema usimwombee."

Tuliongea kwa sauti ya chini, lakini kuta zetu ni nyembamba na chumba cha papa kiko pembeni. Naliandika hilo kwa sababu litakuja baadaye. Na kuhusu kumwombea, nimejichunguza. Nilimwomba Mungu ampe papa mahali. Sikusema wapi. Sijui Mungu anasikia vipi ombi ambalo mwombaji ameliachia nafasi.

Alikufa wiki ya tatu ya Januari. Nilikuwa zamu ya asubuhi, nje bado giza la saa moja, koridoni taa zote zinawaka. Niligonga mlango wake, nikasema hodi.

"Karibu."

Nikaingia. Nikasema habari ya asubuhi, nikafungua pazia, nikaanza kujaza beseni maji ya uvuguvugu huku naongea, kwamba kumepoa, kwamba basi la barabara ya Kipling lilichelewa. Niligeuka na kitambaa mkononi. Nilipomgusa alikuwa baridi. Si baridi ya mtu aliyelala bila blanketi. Nimeshika maiti za kutosha, najua baridi ya mtu aliyeondoka zamani kidogo, na taya nalo lilikuwa limeshakaza.

Nikakaa kwenye kiti. Nafikiri nilikaa kitambo. Kisha nikabonyeza kengele.

Nesi alikuja, akampima, akasema ameondoka muda mrefu, labda usiku wa manane. Akaniangalia. "Uko sawa? Umekuwa mweupe, na wewe hauna hata sehemu ya kuwa mweupe."

"Ameniitikia," nikasema.

"Nani?"

"Nilipiga hodi. Ameniitikia."

Hakucheka safari hii. Alisema mtu akizoea kusikia kitu mahali pamoja kila siku, sikio hukileta lenyewe. Huenda. Chumba cha jirani kuna bibi anayeongea usingizini, huenda ni yeye, ingawa yule ni Mtaliano na hajui karibu. Mimi nasema tu nilichosikia: neno moja, sauti ya mwanamume, na ile r laini. Nisingeingia bila kuitikiwa. Ndiyo sababu nina hakika, na ndiyo sababu pia siwezi kumthibitishia mtu yeyote, maana hakika yenyewe iko ndani ya mazoea yangu tu.

Tulimuosha pamoja. Tulifungua dirisha kidogo. Vitu vyake vilitolewa siku iliyofuata.

Siku kadhaa baadaye bwana yangu alipokea simu, akaiweka kwenye spika. Kuna nafasi kwa papa. Wakati wa kujibu ni mpaka kesho. Walipotaja jina la nyumba alinitazama. Walipotaja ghorofa na upande, nikajua ni chumba cha Mwalimu. Zaidi ya Mwalimu, sikuwa nimemwambia mtu yeyote kazini kwamba tuko kwenye foleni hiyo. Ofisi inayogawa iko mahali pengine kabisa, na nyumba hiyo tulikuwa tumeichagua miongoni mwa kadhaa, kwa sababu iko karibu. Kwa hiyo ni jambo la kawaida. Nimelipima pande zote, ni jambo la kawaida.

Papa alikuwa kitini pake sebuleni. Bwana yangu alimweleza. Binti yetu, ambaye anaelewa kila kitu na anajibu kwa Kiingereza, alikaa miguuni pake akimwambia kwamba kuna televisheni kubwa na kwamba atakuja kila Jumamosi. Papa alimpapasa kichwa. Mimi nilikuwa jikoni, mgongo kwao, kama kawaida. Nilijua akikataa hakuna atakayemlazimisha, na kwamba kile kidonda hakitangoja simu nyingine.

"Mama," akaita.

"Papa."

"Wewe unafanya kazi humo. Chumba hicho kilikuwa cha nani?"

Ningeweza kusema cha mzee mmoja tu. Nikasema, "Cha mwalimu mmoja. Alisoma habari za askari wa zamani wa kwao, waliokatwa miguu na mikono. Alifia humo."

Bwana yangu alishusha pumzi kwa nguvu ili niisikie.

"Alisoma habari zao kwa nini?" papa akauliza.

"Sijui. Alizipenda."

"Na hao askari, walipewa chochote?"

"Baadhi. Waliosubiri wakafikiwa."

"Hata wa upande ulioshindwa?"

"Hao mara nyingi walifukuzwa, papa."

Nikasikia heta ikigonga. "Mimi sikusubiri," akasema. "Niliambiwa niondoke, nikaondoka. Labda nilipaswa kusimama mlangoni tu." Kisha akamwambia mwanawe, "Waambie nakuja. Lakini atakayeniosha asiwe mtu wangu."

Leo bwana yangu aliomba ruhusa kazini. Tulikwenda na teksi ya jirani yetu yule yule. Papa alivaa koti refu na buti yake moja. Kwenye lango la nyumba walituletea kiti cha magurudumu, akakitazama kama mtu anavyotazama sahani ya chakula cha jana.

"Mzee, ni mbali mpaka juu," bwana yangu akamsihi. "Kaa tukusukume."

"Nilisukumwa kutoka kule kwetu mpaka hapa. Humu naingia mwenyewe."

Tukapanda lifti. Koridoni gongo lake liligonga, buti ikafuata, gongo, buti, na wale wazee wa kwenye viti wakainua vichwa mmoja baada ya mwingine. Mimi nilibaki nyuma kwa heshima, na pia, niseme ukweli, kwa woga.

Mlango wa mwisho ulikuwa wazi upana wa kiganja.

Papa alisimama. Bwana yangu alitaka kuusukuma, papa akamzuia kwa kiwiko. Akakohoa kidogo. "Hodi," akasema.

Nilibana mkoba wangu kifuani. Sikusikia kitu. Naandika tena: sikusikia kitu, ila lile gari la chakula likipita mbali. Papa aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mtu mwenye sauti ndogo, akasema, "Asante," akausukuma mlango kwa gongo, akaingia.

Baadaye, mwanawe aliposhuka kuchukua begi, nilisimama mlangoni, macho chini.

"Papa, ulimshukuru nani?"

"Mwenye chumba." Alikuwa amekaa kitandani, anatazama maegesho. "Ulimi wake mzito, lakini amenikaribisha vizuri."

Sasa zile kuta nyembamba. Papa angeweza kusikia siku ile nilipomsimulia bwana yangu. Lakini siku hiyo habari ya kuitikiwa karibu ilikuwa haijatokea, na ilipotokea nilimwambia nesi peke yake. Au labda nilimwambia na bwana yangu, nikiwa nusu usingizini. Anasema hakumbuki. Siwezi kuapa.

Nilipoinamisha macho zaidi nikaona sakafu. Ndani kidogo ya mlango, pale papa aliposimama kuvua kofia, chumvi ilikuwa imeanza kukauka. Kiatu cha kushoto. Kando yake, duara dogo jeupe.

Kila mwenye mguu mmoja na gongo moja ataacha alama hiyo. Nimejiambia hivyo njia nzima ya kurudi, na ni kweli.

Kabla hatujaondoka alikuja mhudumu, kijana wa Kifilipino anayenifahamu, na beseni na taulo. Papa alimwangalia, akaanza mwenyewe kufungua mkanda. Niligeuka haraka. Nyuma yangu nikamsikia anasema, kwa Kiswahili, kwa mtu asiyejua hata neno moja, "Hapa ni risasi, na hapa ni msumeno." Na yule kijana akajibu kwa lugha yake, taratibu, na maji yakamwagwa. Nikafunga mlango, nikauacha upana wa kiganja.

Nyumbani nilipika kama kila siku. Binti alipanga sahani, akaniwekea na mimi mezani, hakuuliza. Nilisimama nimeshika mwiko. Kiti cha papa kilikuwa wazi, na viti vingine vilikuwa viwili tu, vya baba na mtoto.

"Kaa basi," bwana yangu akasema. "Hayupo."

"Hodi," nikasema, bila kufikiri.

Binti alicheka. Bwana yangu hakucheka. Alitazama kile kiti, kisha akanitazama mimi, akasema karibu, na nikafurahi kwamba nilikuwa namwona mdomo ukitamka.

Tumekula ugali, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, wa kukaanga. Ndagala walizidi chumvi kidogo.